Nguvu za Misuli na Mwendo wa Kijana

Naomba radhi kwanza kwa akina mama niliowaahidi katika safu hii maelezo ya kuhifadhi maharage yasiingiwe na wadudu. Yatakuja juma lijalo, Mungu akipenda. Leo nimelazimika kuandika habari za miguu, na sababu yake imetoka katika jamaa yangu mwenyewe.

Dada yangu akaaye Nyamirambo, hapa Kigali, anaye kijana wa miaka 21. Tangu udogo wake kijana huyu hana haja nyingine ila kuvaa sare za polisi. Mwaka jana alianguka katika mchezo wa mpira, kifundo cha mguu wake wa kushoto kikateguka vibaya, akafungwa plasta ngumu kwa muda wa majuma sita. Plasta ilipoondolewa, uvimbe ulikuwa umetoweka na maumivu yamepungua. Lakini mwendo haukurudi kama ulivyokuwa. Kila alipokanyaga mguu wa kushoto kiwiliwili kiliinama upande huo huo na bega likashuka, mithili ya mtu aliyebeba ndoo ya maji kwa mkono mmoja. Rafiki zake wa mtaani, ambao kwa kawaida hujua zaidi ya madaktari, walimwambia kwamba dawa ni kunyanyua vyuma. Akanyanyua vyuma miezi mitatu. Mapaja yakajaa, suruali zikamkataa, na mama yake akaanza kulalamika juu ya hesabu ya mayai. Mwendo ukabaki ule ule.

"Mjomba," aliniambia jioni moja, na niliona kwamba hakuwa akifanya mzaha, "nguvu nimezipata, mbona mguu hausikii? Siku ya usaili watanitazama nikitembea tu, kisha wataniambia nirudi nyumbani."

Sikuwa na jibu. Nilichoweza kufanya ni kwenda kuwauliza wanaojua, na kusoma nilivyoweza kusoma. Naamini swali lake limepata kuulizwa katika nyumba nyingi za askari jeshi na polisi, ambako mguu ndio chombo cha kazi cha kwanza, kwa hiyo nimeona si vema kuyaweka majibu mfukoni.

Kutembea tunakudharau kwa sababu tulijifunza kabla hatujajua kusema vizuri. Hebu mtazame mtu apitaye njiani, umwangalie mguu mmoja tu. Tangu kisigino kinapogusa ardhi mpaka kitakapogusa tena, mguu ule hukaa chini kwa kadiri ya asilimia 60 ya muda, na kwa asilimia 40 huwa hewani ukipelekwa mbele. Kwa kuwa miguu yote miwili hufanya hivyo kwa zamu, kuna nyakati mbili fupi ambazo yote huwa chini kwa pamoja. Muda uliobaki, kila mmoja wetu anasimama juu ya mguu mmoja. Kijana mzima hupiga hatua 110 hivi kwa dakika akitembea kwa raha zake. Katika majeshi mengi mwendo wa haraka wa gwaride ni hatua 120 hivi. Maana yake ni kwamba kuruta aliye katika kwata husimama kwa mguu mmoja mara 120 katika kila dakika, na kila mara lazima asianguke.

Kazi hiyo hugawanywa. Misuli iliyo mbele ya muundi huinua vidole visikwaruze chini. Misuli ya mbele ya paja hulipokea goti lisikunjike mzigo unapolifikia. Tafu, yaani nyama ile nene ya nyuma ya mguu chini ya goti, ndiyo inayotusukuma mbele, na katika mwendo wa kawaida hakuna msuli unaotoa msukumo mkubwa kuliko huo. Tena ipo misuli isiyosifiwa na mtu, iliyo ubavuni mwa nyonga, juu kidogo ya mahali ambapo polisi huning'iniza kirungu chake. Hiyo ndiyo iliyomponza mpwa wangu, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Mfikirie mwenye duka anayepima sukari kwa mizani ya mkono. Unaposimama kwa mguu wa kushoto, fundo la nyonga ya kushoto ni mhimili wa mizani hiyo. Upande mmoja umening'inia mwili wote: kichwa, kifua, tumbo na mguu wa kulia. Upande wa pili ni misuli hiyo ya ubavuni, inayovuta ili kiuno kisilalie kulia. Lakini mizani haiko sawa, kwani uzito wa mwili uko mbali na mhimili, na misuli iko karibu nao sana. Kwa hiyo ili kusawazisha, misuli hulazimika kuvuta kwa nguvu ipatayo mara mbili ya uzito wa mwili, au hata zaidi, katika kila hatua. Ikidhoofu, moja kati ya mambo mawili hutokea. Ama kiuno hushuka upande wa mguu ulio hewani, ama mtu, bila kujua, huinamisha kiwiliwili juu ya mguu aliosimamia ili kuusogeza uzito karibu na mhimili. Daktari mmoja wa Ujerumani, Friedrich Trendelenburg, alieleza dalili ya kushuka kwa kiuno mwaka 1895, na hadi leo madaktari huiita kwa jina lake. Mpwa wangu alikuwa amechagua njia ya pili. Hakufanya hivyo kwa maringo, kama baadhi ya majirani walivyodhani.

Wajerumani hao walishughulika sana na miguu ya askari. Mwaka 1889 Wilhelm Braune na Otto Fischer walipima namna mavazi na zana za askari wa miguu zinavyouhamisha uzito wa mwili wake, na tangu mwaka 1895 ikaanza kuchapishwa kazi yao kubwa juu ya mwendo wa binadamu, akiwa mtupu na akiwa na mzigo. Kabla yao, mwaka 1855, tabibu mmoja wa jeshi la Prussia aliyeitwa Breithaupt alikuwa ameandika habari za askari waliovimba nyayo na kuumwa baada ya safari ndefu. Picha za eksirei zilipopatikana mwishoni mwa karne ile ndipo ilipofahamika kwamba mfupa mwembamba wa wayo ulikuwa umepata ufa kwa kukanyaga na kukanyaga bila kupumzishwa. Ugonjwa huo bado upo. Kila kuruta anayeongezewa ghafula safari na mizigo yumo hatarini, hata awe na misuli ya simba, kwa sababu mfupa hujijenga polepole kuliko msuli.

Sasa nije kwenye swali lenyewe. Je, mazoezi ya kukaza misuli hubadilisha mwendo wa kijana?

Jambo la kwanza ni kwamba katika majuma ya mwanzo nguvu huongezeka ilhali msuli haujanenepa. Kinachobadilika ni neva: ubongo hujifunza kuziamsha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa wakati mmoja. Unene wa kuonekana hufuata baada ya majuma kadhaa. Kwa hiyo kijana ajitazamaye katika kioo kila asubuhi anapima kitu kinachochelewa.

Jambo la pili huwashangaza wengi. Kijana mwenye afya akifanya mazoezi ya nguvu kwa miezi miwili au mitatu, nguvu zake hupanda sana, lakini mwendo wake wa kawaida barabarani hubadilika kidogo mno au haubadiliki kabisa. Sababu si ngumu. Kutembea juu ya uwanda hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu alizo nazo kijana, kwa hiyo akiongeza akiba, matumizi hayabadiliki. Mtu mwenye gunia kumi za mchele ghalani hali chakula kingi zaidi ya mwenye gunia tano. Lakini mtazame aliyekwisha kufikia mwisho wa ghala. Mwaka 1990, huko Boston, Marekani, wazee kumi wa umri wa miaka 86 hadi 96 waliwekwa katika mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu kwa muda wa majuma manane. Nguvu zao ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174, na kasi yao ya kutembea juu ya mstari, kisigino kikifuata kidole, iliongezeka kwa asilimia 48. Wazee hao walikuwa wakitembea kwa nguvu zao zote kila siku, na kila kilichoongezwa kilionekana.

Jambo la tatu ndilo lililompata mpwa wangu. Mwendo ni mazoea ya ubongo, na ubongo huyashika mazoea yake hata baada ya sababu kuondoka. Wamepata kuchunguzwa wakimbiaji vijana ambao magoti yao yaliingia ndani wakikimbia. Walipewa mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga, nyonga zikapata nguvu, lakini walipokimbia magoti yaliendelea kuingia ndani vile vile. Hali kadhalika kwa wagonjwa wa baridi yabisi ya goti: mazoezi ya nyonga yaliwapunguzia maumivu, na hilo si jambo dogo, ingawa mzigo uliolilemea goti wakati wa kutembea haukupungua. Nguvu humpa mtu uwezo wa kutembea vizuri. Namna yenyewe lazima aifunze upya kwa kutembea.

Yawezekana kuna afande anayesoma haya akasema: kama ni hivyo, nguvu za nini? La, afande, tusiende mbio. Nimesema juu ya uwanda, na Kigali hakuna uwanda. Mji huu umejengwa juu ya vilima, na Mlima Kigali unaotutazama sisi wa Nyamirambo unafikia meta 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari. Anayepanda kwa miguu kutoka Nyabugogo kwenda katikati ya mji anajua kwamba tafu na makalio hufanya kazi isiyofanana na ile ya barabara ya Dar es Salaam. Anayeshuka ana adhabu nyingine: misuli ya mbele ya paja hukaza huku inarefushwa ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo iletayo maumivu ya siku ya pili na ya tatu kwa asiyezoea. Hapo ndipo akiba ya nguvu inapoonekana. Huonekana pia mtu anapotakiwa kwenda kasi, anapochoka mwisho wa lindo refu, na zaidi ya yote anapobeba mzigo.

Shanta nzito humwinamisha askari mbele na kufupisha hatua yake. Uchunguzi uliofanywa katika majeshi umeonyesha kwamba askari waliochanganya mazoezi ya nguvu na yale ya pumzi huibeba shanta mwendo mrefu kwa kasi zaidi kuliko waliotegemea kukimbia peke yake. Tena kilo moja iliyo katika kiatu humgharimu mtu takriban mara tano ya kilo hiyo hiyo ikiwa mgongoni. Mtu anunuaye viatu vizito kwa kudhani vitamkaza miguu afikirie tena.

Na tukiwa katika habari za mizigo, bibi zetu wanastahili kutajwa. Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa wanawake wa Kijaluo na wa Kikikuyu wa Kenya. Wajaluo hubeba kichwani, Wakikuyu kwa mkanda wa paji la uso. Ilionekana kwamba waliweza kubeba mzigo wa asilimia 20 ya uzito wao, yaani kilo 12 kwa mwanamke wa kilo 60, bila mwili kutumia nguvu zaidi ya zile za kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 wachunguzi walieleza siri yake: wanawake hao walipobeba mzigo, mwili wao ulipanda na kushuka kama timazi ya saa ya ukutani, ukihifadhi nguvu ya hatua moja kwa ajili ya hatua ifuatayo. Sharti niseme kwamba uchunguzi wa baadaye huko Afrika Kusini haukuona akiba hiyo kwa wanawake wote wabebao kichwani. Lakini kwa wale wa Kenya misuli yao haikuwa mikubwa kuliko ya wanyanyua vyuma. Walikuwa wamejifunza mwendo tangu utotoni, wakiwa na ndoo kichwani.

Kwa maarifa hayo nilimchukua kijana kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Fani hiyo haikuwa na watu wengi hapa nchini zamani. Taasisi ya Afya ya Kigali, iliyoanzishwa mwaka 1996 na kuingizwa katika Chuo Kikuu cha Rwanda mwaka 2013, imewafundisha vijana wengi wanaofanya kazi hiyo leo. Aliyempokea alikuwa mama mmoja mpole ambaye hakugusa chuma hata kimoja. Alimwambia asimame kwa mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Halafu akamtaka ainuke kwa ncha za vidole kwa mguu mmoja mmoja. Wa kulia uliinuka mara 25. Wa kushoto ulifika mara saba, ukaanza kutetemeka.

"Mwanangu," alisema, "umenyanyua vyuma kwa miguu miwili. Mguu mzima umemfanyia mgonjwa kazi yake. Tena ulinyanyua umekaa, na kiti ndicho kilichokuwa kikikusawazisha."

Alimpa mazoezi haya, siku tatu kwa juma, siku ya kupumzika katikati. Kuinuka kwa ncha ya mguu mmoja ukingoni mwa ngazi, mkono ukigusa ukuta kwa kujihadhari, na kushuka taratibu. Kulala kwa ubavu na kuuinua mguu wa juu ukiwa umenyooka, kidole kikitazama mbele wala si dari. Kulala chali, magoti yamekunjwa, na kuinua kiuno, kwanza kwa miguu miwili, baadaye kwa mmoja. Kisha kusimama kwa mguu wa kushoto juu ya ngazi, kuuacha ule wa kulia uning'inie, kukishusha kiuno upande wa kulia na kukirudisha. Kila zoezi mara nane hadi kumi na mbili, lirudiwe mara tatu; likiwa jepesi, liongezwe. Haya kila nyumba inaweza kuyafanya bila kununua kitu, na hayapingani na ushauri wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 kwamba kila mtu mzima akaze misuli yake angalau siku mbili kwa juma, pamoja na mwendo wa dakika 150 au zaidi.

Sehemu ya pili ya dawa ilikuwa kutembea. Kila jioni dakika kumi mbele ya kioo cha kabati la dada yangu, kiuno kikiwa sawa, bega likiwa sawa, taratibu kuliko apendavyo. Mdogo wake wa kike alipewa kazi ya kumfuata nyuma uani na kusema "Kaka, bega!" kila liliposhuka. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo sikuipenda sana. Mtaalamu alionya mwendo usifundishwe baada ya mazoezi mazito, kwa kuwa msuli uliochoka hurudia hila zake za zamani, na kinachorudiwa ndicho kinachokaa.

Majuma manne ya kwanza hatukuona lolote, ingawa mwenyewe alisema mguu umeanza kusikia. Juma la sita mguu wa kushoto uliinuka mara 17. Juma la kumi jirani mmoja, mzee aliyestaafu jeshi, aliuliza kama kijana amebadilisha viatu.

Kabla ya kufunga, neno kwa wazazi. Si kila kuchechemea ni kwa kutibiwa nyumbani. Maumivu yanayomwamsha mtu usiku, tafu iliyovimba na kuwa ya moto, wayo unaoburura kwa kushindwa kuinua vidole, ganzi, maumivu ya mahali pamoja juu ya mfupa yanayozidi kwa kila safari: hayo yote yapelekwe hospitali kwanza. Na mtoto mdogo aliyeanza kuchechemea bila kuanguka asingojewe hata juma moja. Kwa wale ambao mguu wao una kasoro ya kudumu au haupo kabisa, msaada upo tangu zamani; kituo cha Gatagara katika wilaya ya Nyanza kilianzishwa mwaka 1960 na Padri Joseph Fraipont Ndagijimana, na wapo watu wazima leo waliojifunzia kutembea pale.

Jumapili iliyopita ilikuwa ile siku ya barabara bila magari, ambayo Kigali imekuwa nayo tangu mwaka 2016. Tulitoka asubuhi, mimi, dada yangu na watoto wake, tukatembea pamoja na umati wa watu. Nilijiweka nyuma ya kijana makusudi, nikahesabu. Katika mteremko mrefu, ambapo wengi wetu tulikuwa tumekwisha kuchoka, bega lake lilishuka mara mbili, na mara zote mbili alilirudisha kabla mdogo wake hajafungua kinywa. Usaili ni mwezi ujao.